Bibi karukwa zamu ya ibada ya jumuiya: ni upendo au dharau?

Katibu_Jumuiya
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni katibu wa jumuiya huku Moshi, Kilutheri. Tunasali nyumba kwa nyumba Jumamosi alfajiri, mwenye nyumba anaandaa chai. Zamani ilikuwa chai na magimbi, mnatawanyika. Siku hizi sambusa, mayai, soseji, juzijuzi mtu kaleta na juisi ya boksi! Sasa tuna bibi mjane, anauza mchicha, analea wajukuu. Kamati ikaona zamu yake irukwe, "tusimbebeshe mzigo". Nia njema, sikatai. Bibi kanikuta njiani, akatua beseni lake, akaniuliza: "Katibu, nyumba yangu ina nini?" Nikabaki nimeduwaa. Warumi 12:10 inataka tuwatangulize wenzetu kwa heshima. Hapa tumemtanguliza au tumemweka pembeni?

Mama_Pacha
Asirukwe, ila msimwache ahangaike. Watu wanakopa kwa ajili ya hiyo chai, nimeona kwetu. Kina mama wachange sukari na unga, wampelekee kimyakimya usiku wa kuamkia ibada.

Mzee_wa_Kanisa
Mama Pacha, hapo wageni watakuwa wamejilisha wenyewe. Someni 1 Wafalme 17. Njaa imeingia, mjane wa Sarepta kabakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, anaokota kuni apike cha mwisho, yeye na mwanawe wale wafe. Nabii Eliya hakumpita kwa huruma. Alimwomba maji, kisha mkate, tena wa kwake utangulie! Na Yesu pale kisimani alimwomba maji mwanamke Msamaria, watu ambao Wayahudi hawakuchangamana nao. Na mjane mwingine, yule aliyetoa sadaka ya senti mbili hekaluni, Yesu hakusema arudishiwe.

Tunapenda upendo wa kutoa kwa sababu mtoaji anabaki juu. Kaa kwenye kigoda cha bibi, kunywa chai yake ya rangi, omba kikombe cha pili. Hapo ndipo kiburi kinapobanwa. Halafu tatizo lenu ni hizo soseji, si bibi. Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa jambo la namna hiyo: wenye vyakula wanakula, wasio navyo wanatahayarishwa.

Mkatoliki_Kibosho
Tumsifu Yesu Kristo. Sisi chai tulifuta. Sala zikiisha kila mtu kwake, amani tupu.

Mzee_wa_Kanisa
Milele amina. Na ukarimu mkaufuta humohumo, hahaha.

Katibu_Jumuiya
Ahsanteni. Nimekaa na mwenyekiti, Jumamosi ijayo ni kwa bibi. Na tangazo limeshatoka: chai na kitafunwa kimoja, iwe kwa daktari au kwa muuza mchicha. Kuna mama kanuna, huyo namwachia mwenyekiti. Mama Pacha, la sukari nilimgusia bibi, kasema anayo. Viti ndivyo havitoshi, kila mtu atabeba cha kwake.