Yule bwana wa vimaktaba amefuta sifuri za namba za simu, kisha ananiuliza "Si ulipewa bure?"

Wakuu wa jukwaa, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitasubiri zipoe, kwa sababu zikipoa nitaanza kumtetea kama mnavyomtetea ninyi nyote. Jina lake silitaji. Kila anayeandika programu kwa lugha ya JavaScript kuanzia Nyegezi hadi Igoma anamfahamu na amewahi kusakinisha angalau kimoja cha vimaktaba vyake, yaani vipande vya msimbo vilivyo tayari kutumiwa na wengine: cha kupanga namba za simu, cha kuweka mikato kwenye shilingi, cha kugeuza saa iwe ya Kiswahili, au kile cha kurekebisha herufi kubwa katika majina.

Leo asubuhi seva yetu inayotuma bei kwa wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba ilijengwa upya, ikavuta toleo jipya la kimaktaba cha simu, na kuanzia hapo kila namba ya 07 na ya 06 ikapoteza sifuri yake ya mwanzo. Bwana huyu alikuwa ameamua, bila kumwambia mtu, kwamba fanksheni iliyokuwa ikirudisha maandishi sasa irudishe namba ya hesabu. Namba ya simu si kiasi cha kitu. Haijumlishwi wala haigawanywi, na ukiigeuza kuwa ya hesabu, sifuri ya mwanzo hutoweka kwa kuwa haina thamani. Tena mabadiliko hayo ameyapitisha kwa kuongeza tarakimu ya tatu tu ya toleo, ambayo kwa utaratibu unaofuatwa na wote ni ya marekebisho madogo yasiyovunja kazi ya mtu, na ndiyo maana npm, ghala na kisakinishi cha vimaktaba hivi, iliyachukua yenyewe bila kuuliza. Ujumbe wote ukakataliwa. Nimepigiwa simu na kila mwenye kichanja cha dagaa kutoka Kirumba hadi Ukara, na naamini hata makorongo wa pale mwaloni walikuwa kwenye foleni wakisubiri zamu yao ya kunifokea.

Hayo yote ningeyameza. Nilimwandikia kwa adabu kwenye ukurasa wake wa hitilafu, nikaweka mfano, nikaambatanisha na marekebisho ya mstari mmoja. Akanijibu mbele ya watu wote: "Si ulipewa bure?" Kisha akaufunga mjadala. Hakusema pole, hakusema ameona, hakusema hata kwamba nimekosea. "Si ulipewa bure?" Mtu mzima, niliyemwita kaka katika kila ujumbe, ananijibu kama mtoto aliyerudisha andazi la msaada. Mwaka jana nilimwandikia upya maelezo yote ya matumizi kwa Kiswahili, na hayo pia yalikuwa bure, wala sikumkumbusha. Nimeyasoma maneno yake hadi simu imeisha chaji, nikaichaji, nikayasoma tena. "Si ulipewa bure?" Wakuu, hii ni haki?

Mwana Igogo: Pole sana, mkuu. Mimi aliwahi kunijibu kwa neno moja, "Soma", na hicho nilichotakiwa kusoma hakuwa amekiandika popote.

Kivuko cha Zamani: Mleta uzi, kabla hatujalia pamoja, faili la package-lock.json, linaloandika toleo kamili la kila kimaktaba, lilikuwa wapi? Ungelihifadhi pamoja na msimbo wako na kusakinisha kwa amri ya npm ci, seva ingepata toleo lilelile la zamani na dagaa wangeuzwa kwa amani.

Mleta uzi: Ndugu, sikuleta hapa somo la kufunga matoleo. Nimeleta maneno matatu yaliyoandikwa hadharani na mtu mzima. Yajibu hayo kwanza.

Fundi wa Makoroboi: Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa vimaktaba vyake kwenye npm baada ya kugombania jina la kimojawapo, na miongoni mwavyo kilikuwamo left-pad, chenye mistari 11 tu, ambacho kazi yake ilikuwa kujaza nafasi au sifuri upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mikubwa ya programu kama Babel ilishindwa kusakinishwa hadi npm ilipokirudisha. Dunia ilisimama kwa kumkosa wa kuongeza sifuri, nasi Mwanza tumempata wa kuzifuta. Mleta uzi atumie fanksheni ya padStart, iliyomo ndani ya lugha yenyewe tangu 2017, ajaze sifuri zake, alale.

Jirani wa Capri Point: Mimi namtetea. Januari 2022 mwandishi wa vimaktaba vya colors na faker aliviharibu kwa makusudi, akiwa amechoka kuona kampuni kubwa zikivitumia bila kumlipa. Huyu wetu amekosea tu, na anajibu usiku akiwa ametoka kwenye kazi yake. Nani kati yenu amewahi kumtumia hata shilingi elfu moja?

Mwana Igogo: Umetaja shilingi, umenitonesha. Kimaktaba chake cha fedha kinabandika ".00" mwishoni mwa kila bei. Ni muuza sato gani anayedai senti?

Binti Sengerema: Afadhali senti. Fanksheni yake ya majina inachukulia kila kinachofuata ritifaa kuwa ni neno jipya, kwa hiyo Ng'wandu anatoka Ng'Wandu. Katika mkoa uliojaa Wasukuma! Nina vyeti vya wanafunzi vilivyokwisha kuchapwa hivyo, na wazazi wananiuliza mimi, hawamuulizi yeye.

Baharia wa Nansio: Vyeti vitachapwa upya, ila abiria akishaachwa na meli ameachwa. Kimaktaba cha saa kinatoa sita kwenye saa ya kimataifa na kuishia hapo, kwa hiyo 06:00 inakuwa "saa 0 asubuhi" na 01:00 inakuwa "saa -5 usiku". Niliyabandika hayo kwenye ratiba, na watu walikuja kuniuliza saa hasi tano ndiyo lini.

Mleta uzi: Wakuu, tulikuwa kwenye "Si ulipewa bure?"

Binti Sengerema: Baharia, usitoe sita, ongeza sita, kisha gawanya kwa 12 uchukue baki, na baki likiwa sifuri andika 12. Lakini rekebisha na maneno yake pia, kwa sababu saa 11 anaiita usiku, nayo ni alfajiri.

Kivuko cha Zamani: Saa 11 ni alfajiri, hilo halina ubishi. Tatizo ni saa 10.

Baharia wa Nansio: Saa 10 ni usiku. Hakuna mvuvi wa Ukerewe atakayekwambia vinginevyo.

Fundi wa Makoroboi: Mimi nimezaliwa Ukerewe na saa 10 ni alfajiri. Fungua uzi wake tupige kura.