Huyu wakala wa "pasipoti si maziwa" ataacha watu wangapi uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi?

Wadau, mnamjua. Simtaji. Yule wakala wa tiketi wa katikati ya jiji mwenye kundi la WhatsApp, anayetupia bei alfajiri kabla hata jogoo hajasafisha koo. Leo asubuhi mama mmoja kauliza kwa adabu zake zote: pasipoti imebakisha miezi minne, anaenda Dubai kumwona bintiye, je, kuna shida? Jamaa akamjibu: "Mama, pasipoti si maziwa, haiharibiki kabla ya tarehe. Lipa tiketi." Nikaandika kwamba Falme za Kiarabu zinataka miezi sita kuanzia siku unayoingia. Akajibu "wajuaji mpo wengi" na kunitoa kundini.

Kunitoa, sawa. Lakini PASIPOTI SI MAZIWA? Anaambiwa hivyo mama wa watu anayekaribia kulipa?

Afadhali maziwa, bwana. Maziwa ukinusa unajua. Pasipoti yenye miezi minne inang'aa vizuri kabisa mpaka ufike kaunta ya shirika la ndege. Na anayekuzuia si afisa wa Dubai, ni mhudumu pale pale JKIA. Anaingiza uraia wako, tarehe ya mwisho ya pasipoti na unakoenda kwenye mfumo wa Timatic wa IATA, chama cha mashirika ya ndege, mfumo unamjibu kama unapandishwa au la. Akikupandisha kimakosa, shirika linatozwa faini na linakurudisha kwa gharama yake. Kwa hiyo lia mpaka Embakasi nzima ifurike, hupandi. Na tiketi ya bei ya chini hairudishi pesa, maana masharti yanasema hati ni jukumu la abiria. La abiria! Si la mheshimiwa wa maziwa.

Nchi zinataka muda wa ziada kwa sababu mgeni anaweza kulazwa hospitali, ndege ikafutwa, kesi ikamshika, halafu pasipoti ikafa akiwa ndani na hakuna hati ya kumrudisha kwao. Ndiyo maana kila nchi ina hesabu yake, na kinachowamaliza watu ni kutojua hesabu inaanzia wapi. Dubai, na India kwa viza ya mtandaoni: miezi sita kuanzia siku ya KUINGIA. Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja: miezi mitatu baada ya siku ya KUTOKA, na kitabu kiwe kimetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Afrika Kusini: siku 30 baada ya kumaliza ziara. Uingereza wanataka iwe hai muda wote utakaokaa.

Sasa tazameni kinachokuja. Pasipoti za kielektroniki zilianza kutolewa Kenya mwaka 2017 na zinadumu miaka 10. Kitabu kinachoisha tarehe 15 Septemba 2027 kwa Dubai kinakufa katikati ya Machi 2027. Kwa Schengen lazima uwe umeshatoka kufikia tarehe 15 Juni. Wote waliokimbilia vitabu vya kwanza watarudi foleni kipindi kimoja. Mwaka 2023 mashine za kuchapa ziliharibika, vijitabu vikaadimika, mrundiko tuliuona wote. Halafu mtu anasimama mbele ya kundi zima na kuandika si maziwa. Si maziwa! Mama wa watu!

Kipanga_wa_Umoja: Namjua huyo, na wateja wake wanamjua vizuri zaidi. Ongeza hili: anauza njia za kuunganisha ndege bila kuuliza pasipoti ina muda gani. Ukibadilisha ndege ukiwa na tiketi mbili tofauti, mara nyingi utalazimika kuingia nchi ya katikati kuchukua mizigo na kuikabidhi upya. Hapo sheria ya nchi hiyo inakuhusu kama mgeni yeyote. Mtu anaenda nchi isiyodai miezi sita, anazuiwa kwa sababu ya kituo cha katikati.

Hesabu_Kali: Insha yote hii kwa sababu umetolewa kundini? Pole sana mwenye uzi, utapata kundi lingine. Na umesahau kurasa! India na Schengen wanataka kurasa mbili tupu. Tupu, zisizo hata na kona ya mhuri. Kwa mtu anayevuka mipaka kila mwezi, kitabu cha kurasa 34 kinajaa kabla muda haujaisha. Lipia cha 50, ni Sh9,500 badala ya Sh7,500. Tofauti ya Sh2,000 si kitu ukiilinganisha na kuomba kitabu kipya katikati ya muhula.

Mwenye uzi: Sijasahau kurasa, nilikuwa sijafika. Na sililii kundi. Ninasema kuna mama ameambiwa pasipoti si maziwa na pengine saa hii ameshalipa.

Hesabu_Kali: Basi mtafute mama, usitutafute sisi.

Mkaazi_Ruaka: Wakala tisa, saiba kumi. Hao wa saiba, maduka ya intaneti, ndio wanaoniudhi mimi. Fomu ni ya eCitizen, tovuti ya serikali, unajaza mwenyewe, unalipa, unachapisha, unachagua siku ya kupigwa picha na alama za vidole. Wao wanatoza ada juu ya ada, wanaweka namba yao ya simu badala ya yako, halafu ujumbe wa pasipoti kuwa tayari unaenda kwao! Beba kitambulisho halisi na nakala, pasipoti ya zamani na nakala ya ukurasa wenye picha, na picha ndogo tatu. Jina lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho.

Tarishi_Mstaafu: Watu mjue pia kwamba hapa kwetu miezi iliyobaki haihamishwi kwenye kitabu kipya. Waingereza walikuwa wakiongezewa hadi miezi tisa mpaka 2018, na miezi hiyo ndiyo iliyowatia kwenye shida ya kanuni ya miaka 10 ya Schengen, maana kitabu kilizidi miaka 10 tangu kitolewe. Wewe unapata kitabu kipya na namba MPYA. Kwa hiyo mpangilio ni pasipoti, kisha viza, kisha tiketi. Namba kwenye tiketi shirika linaweza kubadilisha. Viza iliyotolewa kwa namba ya zamani ni kesi nyingine. Ya Marekani iliyo hai ndani ya kitabu kilichokwisha bado inafaa ukibeba vitabu vyote viwili, kwa hiyo dai cha zamani urudishiwe. Wenye viza ya kielektroniki ya Uingereza, ingieni kwenye akaunti mbadilishe namba ya pasipoti kabla ya safari.

Kipanga_wa_Umoja: Na Schengen wanapokea maombi kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida siku 15, unaweza kufika 45. Safari ya Agosti, pasipoti mpya iwe mkononi Aprili.

Bodaboda_Msomi: Nyinyi na Ulaya yenu. Uganda na Rwanda naingia na kitambulisho tu.

Hesabu_Kali: Tanzania haimo kwenye mpango huo wa kuvuka kwa kitambulisho, usije ukakwama mpakani Namanga ukisema ulisoma hapa.

Mkaazi_Ruaka: Mbona hakuna anayesema kuhusu kadi ya homa ya manjano? Kuna watu wanauza kadi bila sindano! Bila sindano, jamani! India wanaidai kwa anayetoka Kenya.

Tarishi_Mstaafu: Hao ni wezi na wauaji. Chanjo inaanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchomwa jioni ya kusafiri hakusaidii. Na tangu Julai 2016 ni ya maisha, hata kadi ikiwa imeandikwa miaka 10.

Bodaboda_Msomi: Ya maisha? Mbona kuna kliniki iliniambia nirudie na nilipe tena?

Mkaazi_Ruaka: Kliniki gani hiyo? Usiitaje, tunaijua. Fungua uzi.