Msaada: babu wa mke wangu alilisha jeshi la mapinduzi Virginia, nathibitishaje?

Shemeji wa Richmond: Wakuu, habarini. Mke wangu ni Mmarekani, anataka kujiunga na DAR (chama cha wanawake wa uzao wa waliosaidia mapinduzi ya Marekani dhidi ya Uingereza) kupitia babu yake aliyewapa chakula wanajeshi wa mapinduzi. Wiki tatu napekua majalada ya pensheni, simwoni. Nakwama wapi?

Kabati: Huko hutamkuta, mkuu. Pensheni ilikuwa ya wapiganaji na wajane wao. Aliyetoa chakula alipewa hati ya kudai malipo. Mahakama za kaunti zilisikiliza madai hayo 1782 na 1783, na yamehifadhiwa Maktaba ya Virginia: jina, alichotoa, bei. Kaunti gani?

Shemeji wa Richmond: Katikati ya jimbo.

Mama Nasaba: Kaunti, mwanangu. Na hati inasemaje?

Shemeji wa Richmond: Buckingham. Ratili 300 za nyama ya ng'ombe, dola 10.

Jicho Kali: Dola? Mahakama za Virginia zilipanga bei kwa pauni, shilingi na peni. Hii hadithi imetungwa.

Shemeji wa Richmond: Sijatunga! Hati sijaiona, binamu wa mke wangu ndiye alituandikia. Ila jina ni lilelile la babu, na fomu tumeshajaza.

Kabati: Hilo ungelisema mwanzo. Kaunti moja unakuta baba, mwana na mpwa wa jina moja. Fomu isitoke kwanza. Agiza picha ya hati yenyewe, kisha fuata orodha za kodi kuanzia 1782, mwaka hadi mwaka: nani ana farasi wangapi, ng'ombe wangapi, nani anatoweka. Mahakama ya Buckingham iliungua 1869, wosia na hati za ardhi zikateketea. Orodha za kodi zimepona kwa sababu nakala zilipelekwa serikalini Richmond.

Shemeji wa Richmond: Lakini ndugu zake walishakubaliwa zamani.

Mama Nasaba: Fomu ya zamani haitoshi, DAR hukagua upya. Kila kizazi kiungwe na kinachofuata kwa karatasi. Kabla ya 1850 sensa iliandika jina la mkuu wa kaya tu, kwa hiyo watoto wa huyo babu ndio watakaowasumbua.

Mjukuu wa Jembe: Na waliomfugia huyo ng'ombe? Orodha za kodi za miaka ya mwanzo, baadhi ya kaunti ziliandika watumwa kwa majina. Ukiyakuta, yanakili. Wazao wao wengi hawawaoni kwa jina kwenye sensa hadi ya 1870.

Shemeji wa Richmond: Nitayanakili. Picha ya hati naagiza kesho, fomu inabaki nyumbani. Ila jina ni lilelile, wakuu.