Je, mwongoza mchezo ana haki ya kuazima kanuni za mchezo mwingine?

Mleta mada

Wanajamvi, natanguliza salamu na heshima kwenu nyote. Hoja ninayoileta inahusu michezo ya uhusika ya mezani, yaani ile ambayo kila mchezaji hubeba mhusika wake, mwongoza mchezo hueleza yanayowakuta wahusika hao, na dadu huamua pale ambapo jambo linaweza kwenda huku au kule. Meza ninazozifahamu hucheza zaidi Dungeons & Dragons (D&D), toleo la tano lililotoka mwaka 2014, na sijaona hata moja isiyokuwa na kanuni zake za nyumbani, nyingi zikiwa zimeazimwa kutoka mchezo mwingine ambao mmoja wa wenyeji wa meza aliucheza ukamvutia. Ninauliza: mwongoza mchezo ana haki ya kuazima namna hiyo, na akishaazima, anawajibika kwa lipi?

Nianze na yaliyotukuta sisi. Mwongoza mchezo wetu, ndugu ninayemheshimu na ambaye amejitolea jioni nyingi kwa ajili yetu, aliwahi kucheza RuneQuest, mchezo mwingine wa uhusika, akapenda kanuni yake ya kuboronga, akatuletea kwa sura aliyoona ni nyepesi: mshambuliaji ambaye dadu yake ya pande 20 inaangukia 1 anaboronga, na hapo silaha humponyoka, au huteleza, au humjeruhi mwenzake. Tuliipokea kwa furaha. Kikao cha tatu tulikuwa juu ya daraja la kamba, na mpiganaji wetu alikuwa amefika ngazi ya tano, ambayo kitabu kinampa shambulio la pili katika kila zamu. Mwenye mhusika huyo alikuwa ameingoja ngazi hiyo kwa miezi. Katika raundi ya kwanza alirusha mara mbili, ya pili ikaja 1, upanga ukatumbukia mtoni. Akachomoa jambia. Raundi ya tatu ikaja 1 nyingine, na jambia likampata mponyaji wetu begani. Yule bwana hakulalamika. Aliiweka dadu juu ya karatasi ya mhusika wake, akaifunika kwa kiganja, na kuanzia hapo kila zamu yake ilipofika alisema tu, "Nasimama mbele ya majeruhi," ili asilazimike kurusha tena hadi pambano likaisha.

Usiku ule nilikaa nikapiga hesabu. Anayerusha mara moja kwa raundi anaboronga mara 5 katika kila 100. Mpiganaji wa ngazi ya tano, kwa kuwa anarusha mara mbili, ana karibu nafasi 10 katika 100 za kuboronga angalau mara moja ndani ya raundi. Akifika ngazi ya 20, akiwa na mashambulio manne, nafasi hiyo inapita 18. Pambano la raundi nne kwa mpiganaji wetu wa sasa ni mirusho minane, na uwezekano wa kuiona 1 ndani yake ni theluthi moja. Maana yake ni kwamba kadiri mtu anavyobobea katika upanga ndivyo anavyoangusha upanga mara nyingi zaidi. Mchawi wetu, kwa upande wake, anatumia zaidi uchawi ambao humlazimu adui kurusha dadu ya kujinusuru. Kwa uchawi huo yeye mwenyewe harushi chochote, kwa hiyo haborongi kamwe. Kanuni iliyoletwa iwe ya wote ikageuka kodi ya mtu mmoja.

Kanuni hiyo ina kwao, na kwao haifanyi hivyo. RuneQuest huhesabu ustadi kwa asilimia, na uwezekano wa kuboronga ni takriban sehemu moja ya 20 ya uwezekano wa kukosa. Mwenye ustadi wa 20 hukosa mara 80, kwa hiyo anaboronga kama mara 4 katika 100. Mwenye ustadi wa 80 anaboronga mara 1. Kule kuboronga ni alama ya ugeni wa kazi, na mchezaji huona aibu hiyo ikipungua jinsi mhusika wake anavyokomaa. Sisi tulichukua jina na kicheko, tukaacha hesabu iliyokuwa inaibeba.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba mwongoza mchezo asiazime kanuni mpaka aweze kuwaeleza wachezaji wake ilikuwa inafanya kazi gani ilikotoka, na kazi hiyo itafanywa na nini hapa inakoletwa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimesoma kwa makini na mpiganaji wenu nimemhurumia, lakini sharti unaloliweka lingeuzuia mchezo wenyewe usizaliwe.

Tukumbuke ulikotoka. Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail mwaka 1971, kanuni za vita vya vikosi vya sanamu ndogo. Dave Arneson alizichukua kwa ajili ya nchi yake ya kubuni ya Blackmoor, na alipoona wachezaji wanaudhika mhusika akifa kwa pigo moja, akaingiza pointi za uhai, wazo ambalo yeye mwenyewe alieleza kwamba alilitoa kwenye kanuni za mapigano ya meli za kivita, ambamo meli hupigwa mara kadhaa kabla ya kuzama. Meli na mtu vinafanana wapi? Hata hivyo kanuni ya meli iliwekwa ndani ya kifua cha mtu, na mwaka 1974 ilipochapishwa Dungeons & Dragons ya kwanza, ndiyo iliyobeba kila kitu. Arneson hakuandika maelezo ya kazi yake kule baharini. Aliiweka mezani, watu wakacheza.

RuneQuest unayoisifu nayo ni mtoto wa kuazima. Steve Perrin alianza kwa kuandika kanuni zake za nyumbani za kupigania ndani ya Dungeons & Dragons, zikasambaa kwa wachezaji mwaka 1976, na miaka miwili baadaye yeye na wenzake wakatoa RuneQuest. Na pigo zito, yaani linaloumiza kuliko kawaida, ambalo leo hakuna mchezaji wa D&D asiyelishangilia dadu ikionyesha 20, lilikuwamo katika mchezo mwingine, Empire of the Petal Throne, tangu 1975. Gygax alilipinga vikali katika kitabu chake cha waongoza mchezo cha mwaka 1979, kwa hoja nzito kabisa, kwamba haki ikitendeka na majitu nayo yapewe pigo hilo, basi wahusika watakufa ovyo. Meza zikaendelea kulitumia, na toleo la tatu, mwaka 2000, likaliingiza katika kanuni za msingi. Mmoja wa walioubuni mchezo alikuwa na sababu, na wachezaji walikuwa na uzoefu, na uzoefu ndio ulioshinda.

Mimi naamini kanuni haielezeki kabla ya kuchezwa. Mwongoza mchezo wenu hakukosea kuijaribu. Labda alikosea kutoiondoa baada ya kikao kile.

Mchangiaji wa pili

Naungana na mleta mada, na ninaongeza mfano ambao kwangu ni mbaya zaidi, kwa sababu ndani yake kanuni haikuvuka hata mpaka wa mchezo, ilivuka toleo tu.

Katika toleo la tatu, wawili wakimweka adui katikati, kila mmoja akiwa upande wake, walipata nyongeza ya 2 kwenye dadu ya shambulio. Kufika nyuma ya adui hakukuwa bure: ukitoka kwenye mraba mmoja ulio mahali mkono wake unapofika, hata kama unaingia mwingine ulio jirani naye vilevile, kwa kawaida ulimpa nafasi ya kukupiga. Toleo la tano limeondoa gharama hiyo. Unaweza kumzunguka adui kama mtu anayezunguka mti, na mradi hujatoka nje ya mkono wake, hakupigi. Kitabu cha waongoza mchezo cha 2014 kinaitaja kanuni ya kubana adui kuwa ya hiari, na malipo yake ni kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Kwa anayehitaji 11 kumpata adui, nafasi inapanda kutoka 50 hadi 75 katika 100. Nyongeza ya 2 ya zamani ingemfikisha 60 tu. Yaani bei imefutwa na faida imekuzwa.

Kwenye meza yangu matokeo yalikuwa kwamba kila pambano lilifanana: watu wanajipanga mstari mmoja, mmoja wetu, mmoja wao, mmoja wetu, mmoja wao, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayeweza kusimama kwingine. Uchawi na vipaji ambavyo kazi yake ilikuwa kumpatia mwenzako dadu mbili vikakosa thamani. Dada mmoja mwenye mhusika wa aina hiyo aliniuliza kwa upole kama abadilishe mhusika. Nilijisikia vibaya, maana nilikuwa nimemnyang'anya kazi yake bila kujua.

Wanaocheza bao watanielewa upesi. Katika bao la kiswahili nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, ina heshima yake kwa sababu kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, na hatua yote ya kunamua, yaani kuziingiza kete hizo moja moja, ni ya kuilinda au kuitumia nyumba hiyo. Katika bao la kujifunza kete zimeshapangwa mbilimbili kwenye kila shimo na mkononi hamna kitu. Ukiileta sheria ya nyumba huku, utakuwa unalinda shimo la kawaida.

Mchangiaji wa tatu

Nina machache. Kwanza, kuna waliouliza faraghani kama kuazima ni wizi. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, ambako michezo hii mingi inachapishwa, utaratibu wa kucheza haulindwi, yanalindwa maneno na michoro iliyotumika kuueleza. Msukosuko wa Januari 2023, pale Wizards of the Coast, wachapishaji wa D&D, walipotaka kubadili leseni huria ya mwaka 2000, uliwahusu wanaochapisha na kuuza, na uliisha kwa kampuni kuziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuzitumia. Mezani kwako azima utakavyo.

Pili, na hili ndilo linalonigusa, mnajadili hesabu kama kwamba wachezaji wote wameisoma. Mgeni anapokaribishwa mezani huwa amejifunza kutoka kitabu kimoja, mara nyingi cha kuazima, na amemjenga mhusika wake kwa kukiamini kitabu hicho. Kanuni ya nyumbani ambayo haikuandikwa mahali popote humwaibisha mbele za watu. Ninaomba kila meza iwe na ukurasa mmoja wa kanuni zake, na mgeni apewe ukurasa huo kabla hajachagua mhusika.

Mleta mada

Nawashukuru nyote, na kwa mchangiaji wa kwanza nakiri kwamba historia aliyoileta imenifanya nilipime upya sharti langu. Ni kweli mchezo huu ni wa kuazima tangu siku yake ya kwanza. Hata hivyo naomba tuangalie waazimaji hao walifanya nini baada ya kuazima. Arneson hakuzibandika pointi za meli juu ya Chainmail akaacha mengine yalivyo. Kila kilichofuata, ngazi, uponyaji, madhara ya silaha, kilijengwa kuizunguka hesabu hiyo. Perrin naye alipoona kanuni zake zimekuwa nyingi kuliko nyumba zilimokaa, alijenga nyumba nyingine. Waliilipia kanuni ya kuazima kwa kazi ya miaka. Sisi tunataka kuipata kwa sentensi moja inayosemwa kabla chai haijamiminwa.

Kuhusu kuijaribu kwanza na kuiondoa baadaye, nakubali, lakini nauliza ni nani anayelipia jaribio hilo. Kwenye daraja lile lililipiwa na mtu mmoja, na mchezaji mstaarabu, hasa mbele ya mwongoza mchezo aliyemzidi umri, hatasema "kanuni yako inaniumiza". Atafunika dadu kwa kiganja. Kwa hiyo ninalilegeza sharti langu namna hii: mwongoza mchezo anaweza kuazima asichokielewa vizuri, mradi ataje mapema jaribio litadumu vikao vingapi, na siku ya kuliamua aanze kumuuliza yule ambaye kanuni imemgusa zaidi, kabla ya kuuliza waliofurahishwa nayo.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea mwongoza mchezo wetu hesabu zangu, nikamkuta mwenyewe ameshaona. Tumekubaliana kwamba kuboronga kutahesabiwa kwenye mrusho wa kwanza wa zamu peke yake, kwamba adui anayejinusuru kwa kupata 20 dhidi ya uchawi atamfanya mchawi aboronge vilevile, na kwamba silaha haitamponyoka mtu, atapoteza tu nafasi yake ya kusogea mpaka zamu inayofuata. Hivyo kila mmoja, mwenye upanga au uchawi, atakuwa na nafasi ileile ya 5 katika 100 pale zamu yake inapoamuliwa na dadu moja, ingawa uchawi unaowapata maadui wengi kwa pamoja bado haujatuingia akilini, na mwenye wazo alilete. Tumejipa vikao vitatu.

Mwenye mpiganaji ameomba jambo moja nje ya hayo: kikao kijacho kianzie chini ya lile daraja, kwenye maji, ili ashuke kuutafuta upanga wake.