Mbu wa Pasua wamenishinda, na dawa za kupuliza siwezi kutumia

Mpangaji wa Pasua
Wanajamvi habari za jioni. Niko Moshi, Pasua, nyumba ya wapangaji, vyumba sita na ua mmoja. Tangu masika yaanze, ukila ugali nje jioni mkono mmoja unamega tonge, mwingine kazi yake ni kujichapa miguu.

Mwanangu wa miaka minne ana pumu. Nikiwasha ile dawa ya mbu ya mviringo anakohoa mpaka alfajiri. Ya kopo ndiyo kabisa, nilipuliza mara moja tukakimbilia kwa daktari. Jirani akaniambia nichome kivumbasi. Nikachoma, mbu wakapungua kidogo, na mtoto naye akabanwa kifua. Nikapanda mchaichai kwenye ndoo hapo mlangoni, huu mwezi wa pili. Jana nimeona mbu ametua juu ya jani lake, ametulia kama yuko kwake.

Chandarua tunacho na tunalala ndani yake. Shida ni kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka muda wa kulala. Hapa uani wanasema mbu wanatoka kwenye mashamba ya mpunga Mabogini, kwa hiyo hata nifanye nini watakuja tu. Ni kweli? Au kuna kitu naweza kufanya kisichotoa moshi wala harufu?

Fundi Kiboriloni
Pole dada. Mimi natengeneza madirisha. Watu wengi wanaweka wavu dirishani halafu juu ya ukuta, pale bati linapokaa, kuna uwazi mkono unapita. Mbu anaingilia hapo. Ziba kwanza hapo, hata kwa wavu na vipande vya mbao, joto litoke lakini mbu asipite. Na mlango ufungwe saa kumi na moja, siyo saa moja mkishaanza kuumwa. Hapo mnakuwa mnawafungia ndani.

Wa Kijenge
Huku Arusha baridi inatupunguzia. Ila dada yangu yuko tambarare, yeye anaweka feni chini ya meza inapuliza miguuni. Mbu hana nguvu ya kuruka kwenye upepo. Ukiwa na umeme jaribu, mtoto hatakohoa.

Bwana Afya Mstaafu
Binti yangu, kabla hujalaumu Mabogini, chukua tochi saa mbili usiku uangalie ukutani mbu wamekaaje. Anofelesi, yule wa malaria, akitua huinua makalio juu kama anataka kupiga mbizi ndani ya ukuta. Kyuleksi hulala sambamba na ukuta, mgongo kibiongo. Anofelesi wa mpunga wapo kweli, anapenda maji yenye jua, na ndiyo maana chandarua usikiache, na mtoto akipata homa kapime, usikisie. Lakini kama wengi ni vibiongo, hao hawajatembea kutoka shambani. Wametoka kwenye choo au karo lenu. Wao maji machafu ndiyo nyumbani.

Kwenye joto, yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo chombo unachokimwaga na kukisugua kila wiki hakikuletei mbu. Karo huwezi kulimwaga, basi lizibe: nyufa zote za slabu, na juu ya bomba la hewa ufunge wavu.

Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga kwenye vyoo vya shimo vile vipira vyeupe vyepesi, vidogo kama mtama, vinavyojazwa kwenye mito ya kukalia. Vinaelea, vinafunika maji yote. Mbu hapati pa kutagia, na viluwiluwi vinakosa hewa kwa sababu vinapumulia juu ya maji. Kwa karo lako sikushauri, gari likija kunyonya litavinyonya vyote. Vinafaa shimo lenye maji yaliyotuama lisilofurika. Kuna pia viuadudu vya kibaiolojia vinavyotengenezwa Kibaha, ni bakteria wanaoua viluwiluwi. Ulizia kwa bwana afya wa kata.

Swali moja: hiyo ndoo ya mchaichai umeitoboa chini?

Mpangaji wa Pasua
Shikamoo mzee. Nimecheka, halafu nimeona aibu. Sikuitoboa. Mvua imejaza, maji yamesimama juu ya udongo vidole viwili, na ndani vijidudu vinacheza kama sindano zilizopinda. Yaani nimefuga mbu mlangoni miezi miwili, namwagilia mwenyewe.

Na ukutani nimehesabu kumi na wanne nyuma ya beseni. Kumi na watatu vibiongo. Tukaenda kwenye karo mimi na kijana wa chumba cha pili. Slabu ina ufa wa kuingiza kidole, tukagonga kwa fimbo, wakatoka mbu kama vumbi la pumba. Mwenye nyumba nilipompigia akasema karo halijajaa, analiitia gari la nini? Nikamwambia silalamikii kujaa, nalalamikia ufa. Akakata simu.

Bwana Afya Mstaafu
Marahaba. Ufa hauhitaji mwenye nyumba. Kilo chache za saruji na mchanga. Waliokwisha kuwa wakubwa wataendelea kuwauma siku kadhaa, usikate tamaa wiki ya kwanza.

Mpangaji wa Pasua
Narudi baada ya wiki tatu. Tulichanga vyumba vitano, tukaziba ufa, bomba la hewa tumelifunga kwa kipande cha chandarua kizee na mpira wa baiskeli. Madumu yote yana vifuniko, ndoo nimeitoboa matundu manne, mchaichai sasa ni wa chai. Wiki ya kwanza kweli hakukuwa na tofauti, wakaanza kunisema. Jana nimekula uani mpaka saa mbili, nimejichapa mara mbili tu.

Wanaobaki ni wale weusi wenye madoa meupe miguuni, wanauma mchana. Hao nimewakuta kwenye tairi tatu za baba wa chumba cha nne, ndiye ambaye hakuchanga. Anasema ni mali yake, anatafuta mteja. Nimemwagia maji yote nje, nimezigeuza na kuziingiza chini ya paa lake. Nimemwambia mteja akija atazikuta kavu.