Wakulima wananiitikia "ndiyo mama", halafu mahindi wanaanika chini vilevile

Mama Mzani, Busia (upande wa Uganda)

Hamjambo wote. Mimi nanunua mahindi, najaza lori, napeleka ng'ambo ya mpaka, Kenya. Watu wa Masafu na Lumino wananiletea mahindi yaliyoanikwa kwenye udongo mtupu, mengine pembeni mwa lami, kuku wanatembea juu, mbuzi anapita na kuacha lake. Msimu wa kwanza ndio unaniua kabisa, maana mavuno ya Juni na Julai yanakuta mvua bado haijaaga. Mahindi yanaanikwa, yanalowa, yanaanikwa tena, na kuvu inajikalia humo.

Mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilipoyafungia mlango mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu (aflatoksini), ile sumu ya kuvu inayoleta saratani ya ini. Walifungua baada ya siku chache, lakini kwa masharti. Kipimo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinajulikana: unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Sehemu kumi katika bilioni! Hiyo huioni kwa macho wala huinusi.

Nimeongea kwenye mikutano ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mpaka sauti ikakauka. Nimebandika picha. Kuna mradi mmoja ulituletea hata "mkulima wa mfano": wakamjengea ghala zuri la kukaushia, wakampa turubai mpya, wakapiga picha naye. Majirani walikwenda, wakatazama, wakanywa soda, wakarudi nyumbani wakaanika chini.

Na si kwamba hawajui. Ukimsimamisha yeyote atakusomea somo lote, pamoja na mambo ya saratani ya ini. Nilisikia kwamba watu hubadilika kwa kuiga kuliko kwa kuambiwa. Mbona yule hawakumwiga?

Boda wa Malaba

Mama, maneno matupu hayavunji mfupa. Sisi kwenye steji tulihubiriwa helmeti na polisi, na watu wa hospitali, na mapadri. Wapi! Ilianza mwenyekiti wa steji alipovaa yake kila siku, mvua na jua, na asiyevaa hapewi abiria. Tafuta mwenyekiti wa mahindi.

Mwalimu Mstaafu, Tororo

Mama Mzani, nimefundisha walimu kwa muda mrefu, na swali lako tulikuwa tunalikuta darasani kila muhula: mwanafunzi anayejua jibu lakini hafanyi. Niruhusu niende polepole.

Kulikuwa na mwanasaikolojia mmoja, Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Stanford kule Marekani. Watu wengi wanamjua kwa jaribio la mwaka 1961: watoto 72 wa chekechea, baadhi yao wakaona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupuliza, nao walipoachwa naye wakampiga vilevile, hadi kwa maneno yaleyale. Walimu wanaishia hapo, wanasema "mtoto huiga anachokiona", tunakwenda chai.

Lakini jaribio linalokuhusu wewe ni la 1965. Watoto walionyeshwa filamu ya mtu akimpiga mwanasesere. Kundi moja liliona mpigaji anapewa zawadi. Jingine liliona anaadhibiwa. La tatu halikuona chochote kikimpata. Walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wengine. Ungesema hawakujifunza, sivyo? Kisha wakaambiwa: ukituonyesha alichofanya yule mtu utapata juisi na picha za kubandika. Tofauti ikayeyuka. Wote walikuwa wamejifunza, ila kuna waliokuwa hawajaona faida ya kuonyesha walichojifunza.

Hao ndio wakulima wako. Bandura alisema ili mtu aige ni lazima atazame, akumbuke, aweze kukifanya, na awe na sababu ya kukifanya. Wako wametazama na wamekumbuka, hata saratani ya ini wanaitaja. Kuweza nitawaachia wanaolima waseme. Mimi naona tatizo liko kwenye sababu, kwa hiyo naomba unijibu jambo moja: mtu aliyeanika kwenye turubai na aliyeanika kwenye vumbi wakifika pamoja kwenye mzani wako, nani anaondoka na hela zaidi?

Kama ni sawa, basi kila siku ya soko unawaonyesha mfano, na mfano huo unasema vumbi linalipa. Turubai inagharimu. Tena mahindi yasiyokauka yana maji, na maji yana uzito, kwa hiyo mwenye mahindi mabichi huenda anamzidi mwenzake! Mkutano wa LC1 haushindi hayo.

Kuhusu yule wa mradi: watu walimtazama sana, lakini walichokiona ni mtu aliyepewa vitu. Walichojifunza pale ni kusubiri mradi mwingine. Tunamwiga mtu tunayejiona ndani yake. Kwenye majaribio ya kuondoa woga ilionekana pia kwamba anayeanza kwa kusitasita kisha akaweza huwasaidia watazamaji kuliko yule anayefanya kama aliyezaliwa nalo. Kwa hiyo usimchukue tajiri. Mchukue mama mwenye eka moja, aliyekwaruzana na mume wake kwa hela ya turubai, akanunua.

Na kwa kuwa ni mahindi, nikupe hili la mahindi. Mwaka 1943 Ryan na Gross walichapisha utafiti wa wakulima 259 wa Iowa, Marekani, kuhusu mbegu chotara. Wengi habari walizipata kwanza kwa wauzaji wa mbegu, ila kilichowafanya waamue hasa ni jirani. Mpaka 1941 walikuwa wamekubali wote isipokuwa wawili. Wewe mama ni mwuzaji katika hadithi hiyo. Utasikilizwa, lakini jirani ndiye anayeamua.

Mama Mzani, Busia

Mwalimu asante, ila umeniweka pabaya. Ndiyo, bei ni moja. Nikimkata mwenye vumbi, mita mia kutoka kwangu kuna mnunuzi asiyeuliza chochote, anachanganya yote na kufunga gunia. Nitabaki na mzani mtupu nikihubiri usafi.

Nnaku wa Bugiri

Mimi nalima, naomba mnisikilize na mimi. Hatuaniki chini kwa sababu hatukuelewa Bandura. Tunaanika kando ya lami kwa sababu lami inashika joto, na mvua ikitisha saa nane unayasukuma mahindi kwa ufagio haraka. Turubai nzito iliyojaa mahindi, mimi na watoto wawili, tunaikunjaje? Yule wa mradi alikuwa na vijana wa kibarua. Hiyo "kuweza" aliyoiruka Mwalimu ndipo tulipokwama wengi.

Mimi nilibadilika kwa jirani yangu, mjane. Yeye alianza kutumia turubai ndogo ndogo kadhaa badala ya moja kubwa. Wingu likija, unashika pembe nne, unavuta kibarazani, mtoto wa miaka kumi anaweza. Nilimwona akifanya hivyo mara moja tu, mvua ikinyesha, mimi nikiwa kwenye matope nazoa yangu kwa sufuria.

Mama Mzani, usimkate mwenye vumbi. Mwongeze mwenye turubai. Kidogo tu, lakini umlipe mbele ya foleni, si nyuma ya pazia. Huku kwetu habari ya fulani kulipwa zaidi inafika nyumbani kabla yake.

Mwalimu Mstaafu, Tororo

Nnaku amesema vizuri kuliko mimi. Nakubali pia kwamba hakuna haja ya kukata.

Niongeze la vitendo. Weka chupa ya chumvi pale mzanini. Chupa kavu ya kioo, chumvi kavu, mahindi ya mtu mwenyewe, ifunikwe, aitikise yeye kwa mkono wake, kisha muiache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Isiposhika, bado hujui kama yamefika 13.5, hapo utahitaji kipimo cha kweli, na sumukuvu ina kipimo chake mbali. Lakini foleni nzima inaona chupa, na anayefuata anaanza kuyatazama mahindi yake kabla hujamwuliza.

Mama Mzani, Busia

Chupa naiweka Jumatatu. Ya nyongeza nitajaribu shilingi 50 kwa kilo kwa mahindi makavu na safi, nione kama faida inabeba, maana ng'ambo wakinirudishia lori napoteza zaidi ya hapo. Na yule mjane, Nnaku, unaweza kumwomba aje siku ya soko na turubai zake? Sitampa fulana wala kofia. Nitamlipa nauli na mahindi yake kama mtu mwingine.

Nnaku wa Bugiri

Atakuja akimaliza kupukuchua. Ila ukimsimamisha kutoa hotuba, hatakuja tena.

Boda wa Malaba

Nauli ya turubai na mjane pamoja tunaongea, mama.