Re: Kwenda kwa ndugu msimu huu wa majani kupukutika

> Assalaam alaykum jamaa. Kaka yangu yupo York, mimi nipo Leicester, huku huku Uingereza, na watoto wawili. Likizo ya skuli ya Oktoba nataka niende na kurudi siku hiyo hiyo, na kaka anasema atatutembeza mtoni. Huu ndio mwaka wangu wa kwanza, sijui hata nivae nini. Wenyeji niambieni.

Waalaykum salaam mdogo wangu,

Nenda, na uende mapema. Mengine yote yanafuata hapo.

Sisi tukenda kwa ndugu tunaihesabu siku kwa chakula. Unafika saa 6 au 7, unakaribishwa, mnaulizana hali za watu wote mpaka wa Kiuyu kule Pemba, pilau linapakuliwa saa 8 na nusu, watu wanajinyoosha, kisha jioni ndio mnatoka kupunga upepo Forodhani. Huku msimu huu jioni haipo. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma usiku. Jumamosi jua la York linakuchwa kama saa 12 kasoro dakika 20, kesho yake saa 10 na dakika 40 hivi. Ikifika katikati ya Novemba, saa 10 tu Maghribi hiyo. Kwa hiyo mto kwanza, sahani baadaye, na umwambie wifi yako mapema kwa simu. Ukimwambia mlangoni, na biriani lishapikwa, ataona umemdharau, na haki yake.

Mdogo wangu wa kiume naye yuko York, basi njia ile naijua. Mto ni Ouse, unapita katikati ya mji. Tunashuka kwa upande wa mashariki, njia inayoitwa New Walk, iliyotengenezwa karne ya 18, miti yake mirefu inainamia maji. Tunakwenda mpaka daraja la Millennium, la waendao kwa miguu na baiskeli tu, tunavuka, tunarudi ng'ambo ya pili kupitia Rowntree Park. Bustani hiyo ilifunguliwa 1921 kuwakumbuka wafanyakazi wa kiwanda cha chokoleti cha Rowntree waliokufa katika Vita vya Kwanza. Kwa mwendo wa watoto wanaosimama kila hatua ni zaidi ya saa nzima, usijidanganye.

Majani ndiyo yanayowapendeza watoto, na ndiyo yanayoangusha watu wazima. Yanalala njiani tabaka juu ya tabaka, ya juu makavu yanalia chini ya kiatu, ya chini yameshakuwa uji. Vaa kiatu chenye meno, si raba laini. Buibui lipandishe au vaa koti fupi juu ya suruali pana, maana pindo likishalowa linabeba matope, linakuwa zito na linakupiga miguuni mpaka nyumbani. Halafu wapo mabata bukini, makundi kwa makundi, hawaogopi mtu, na kinyesi chao kimetapakaa njia nzima. Chukua viatu vya pili vya watoto kwenye mfuko, usimpelekee wifi mambo hayo kwenye zulia lake.

Saa 7 mchana tulimpigia mama yetu aliyeko Wete, Pemba, kwa picha. Saa zikisharudishwa tunapishana na nyumbani saa 3, basi kule ilikuwa saa 10 alasiri, amekaa kwenye jamvi anachambua karafuu. Akaiona ile miti ya manjano akauliza: "Imeungua, au imetiwa dawa?" Mdogo wangu, anayejifanya bwana shamba tangu utotoni, akamweleza kwamba mwanga ukipungua mti unaurudisha ndani uzima wa majani, rangi ya kijani inaondoka, kisha mti wenyewe unalikata jani kwenye kikonyo lidondoke. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Mkarafuu hauna mambo hayo," akasema, kisha akauliza pesa za wachumaji zinakuja lini.

Na hapa nikwambie kitu. Hilo la wachumaji, na nani amlipie mama daktari wa macho, lilikuwa likitugombanisha kwenye kundi la simu la familia muda mrefu. Huyu anatuma sauti ya dakika 5, yule anajibu kwa neno moja, wa Muscat anatoka kwenye kundi. Pale mtoni tulimaliza kabla hatujafika darajani. Mnatembea ubavu kwa ubavu, hakuna anayemkodolea mwenzake macho, watoto wako mbele hawasikii. Sebuleni wifi angeingilia kati, na mimi ningetaka kushinda. Kama nawe una jambo na kaka yako, liweke la mtoni.

Nauli: nunua ile Family & Friends Railcard, kadi ya kupunguziwa nauli ya treni. Mkubwa anapunguziwa theluthi, mtoto wa miaka 5 hadi 15 anapunguziwa asilimia 60, na wa chini ya miaka 5 hapandi kwa tiketi. Kwa watoto wawili inajilipa haraka. Jumapili iepuke, matengenezo ya reli ni mengi na utajikuta ndani ya basi. Na majani hayo hayo yakisagwa kwenye reli zinateleza, treni zinapunguza mwendo, kwa hiyo kama unabadilisha treni Sheffield usichukue muunganisho wa dakika 8.

Mama Wawili, Leicester

---

Bi Mama Wawili kasema yote ila sala. Kutoka Adhuhuri hadi Maghribi mwezi wa Novemba ni saa 4 na kidogo tu. Nyumbani tumezoea 6. Kwa sisi Mashafi, wa madhehebu ya Imam Shafi, Leicester hadi York ni mwendo wa safari, unaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri na kuzipunguza, ukaondokana na wasiwasi. Maji ya kutilia udhu yatie vuguvugu kwenye chupa ya chai. Ya bomba la bustanini yanakata vidole.

Na kabla hamjatoka, tazameni kima cha mto kwenye tovuti ya serikali. Ouse una tabia ya kupanda njia. Novemba 2000 ulipanda mita 5.4 juu ya kima chake cha kawaida. Hata mwaka wa kawaida, mvua zikinyesha milimani, siku mbili baadaye njia ya chini ishazama na jua linawaka mjini.

Baba wa Mkoani, Leeds

---

Ahsanteni wazee wangu. Tiketi nimekata ya Jumamosi, kabla saa hazijarudishwa, na muunganisho wa Sheffield nimeuachia nusu saa. Halua ya Wete ninayo ya kupelekea. Wifi nimeshamwambia mto kwanza. Kanuna kidogo, kisha kauliza kama na yeye achukue mabuti.